Raketi Mbili za Yaya

Kamina ni mji ulioletwa na reli. Njia ya kampuni ya BCK, iliyotoka kwenye migodi ya shaba ya kusini kwenda bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 tawi jipya likaiunganisha Kamina na Kabalo. Tangu hapo mji wetu ukawa njia panda. Watu waliteremka hapa wakiwa safarini kwenda kwingine, wakapata kazi, wakaoa, wakabaki. Mtaa tuliokulia, wa nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, ulikuwa na Waluba wa hapa nyumbani, Waluba wa Kasai, Wakanyoka, Wasonge na Walunda, na kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya ndani. Nje ya mlango tulikutana kwa Kiswahili. Na kwa miaka mingi, nje ya mlango wetu sisi, watu walikutana kwenye wavu wa kaka yangu.

Tulimwita Yaya, kama wadogo wote wa Katanga wanavyomwita aliyewatangulia kuzaliwa. Alizaliwa mwaka 1961, akafanya kazi kwenye karakana ya reli kama baba yetu, akafariki mwishoni mwa 2024 baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hakuwahi kuvaa jezi ya taifa. Kombe lake kubwa lilikuwa la sikukuu ya parokia, na zawadi yake ilikuwa mbuzi aliyeliwa siku hiyohiyo na washindi pamoja na walioshindwa. Namwandika kwa sababu naamini alilijua jambo ambalo mji huu umelihitaji zaidi ya mara moja: mtu aliyesimama ng'ambo ya wavu ndiye anayekupa mchezo, na akiondoka yeye, mchezo nao umeondoka.

"Ule haina adui," aliwaambia vijana walioanza kutoleana maneno wakati wa mechi. "Ni rafiki yako. Bila yeye utacheza na nani?"

Walio mbali wanaifahamu Kamina kwa mambo mengine. Wanaijua kambi kubwa ya kijeshi waliyoijenga Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambako makomando wao walitua Novemba 1964 kabla ya kurukia Kisangani. Wapenzi wa muziki wanaijua kwa Missa Luba, ile misa iliyoimbwa kwa ngoma na sauti za kwetu na kwaya ya vijana na walimu chini ya padri Mfransisko Guido Haazen, na ambayo tangu 1958 imezunguka dunia. Tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Hayo yote ni kweli, nami nayaonea fahari. Lakini mji una pia historia ya nyuani, na nyua hazina mwandishi.

Meza yake ya kwanza aliitengeneza akiwa kijana ambaye hajaanza hata kunyoa ndevu vizuri. Mbao zilitoka kwenye makasha yaliyotupwa karibu na karakana. Alikuwa amenakili vipimo kutoka kwenye kitabu cha mwalimu mmoja wa shule ya mapadri: urefu mita 2.74, upana mita 1.525, kimo sentimita 76, wavu sentimita 15.25. Baba alimwazima futi yake ya kazini kwa sharti kwamba irudi kabla ya giza. Kwa vipimo meza ile ilikuwa sahihi kabisa. Kwa tabia ilikuwa jambo jingine. Kanuni inasema mpira ukiachiwa kutoka kimo cha sentimita 30 unapaswa kudunda kama sentimita 23, lakini kulikuwa na pembe moja ambapo mbao zilikuwa na uwazi chini yake, na mpira ukianguka pale ulilala. Yaya aliipa pembe ile jina la "ofisi", kwa maelezo kwamba ukipeleka kitu pale hakirudi. Wageni walipoteza pointi nyingi ofisini kabla ya kuelewa, na kila mmoja alipoelewa, uwanja mzima ulimpigia makofi kama mtu aliyepata uraia.

Alikuwa mtu wa furaha, na furaha yake ilikuwa na kelele. Akipigwa pointi nzuri alipiga kelele za shangwe kuliko aliyempiga. Aliwahi kuacha mechi katikati, akazunguka meza na kumkumbatia kijana wa miaka kumi na tatu aliyemrudishia mpira ambao hata watu wazima wasingeugusa, kisha akarudi upande wake na kumshinda bila huruma. Hakuwaachia watoto washinde. Alisema mtoto hutambua mara moja anapoachiwa, naye hatakuamini tena ukimsifu. Hilo nimelishika katika malezi ya wanangu.

Kisa cha vinyoya hakijasahaulika mtaani. Alikuwa ameona picha za badmintoni kwenye gazeti la zamani la Kifaransa, akasoma kwamba kile kimpira kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo. Vizibo vya chupa aliviomba kwa mpishi wa mapadri. Manyoya aliyapata kwa jogoo wa mama. Hakumchinja wala hakumuumiza sana, lakini jogoo yule alitembea uani majuma kadhaa akiwa na bawa moja nusu uchi, na mama, aliyekuwa mkali wa kutisha, alipotoka na mwiko mkononi akakuta tayari kamba imefungwa kati ya miembe miwili na vijana wanne wanarushiana kile kitu kinachoelea hewani kana kwamba hakina uzito. Alisimama akatazama. Kisha akaomba raketi. Mama yetu alicheza badmintoni jioni ile akiwa na kitenge chake na mwiko ameuchomeka kiunoni, na Yaya alikuwa akisimulia mchezo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mama naye amekwisha kufa. Sidhani kama kuna jioni nyingine niliyomwona akicheka namna ile.

Juni 5, 1983, ndipo tenisi kubwa ilipomwingia. Siku hiyo Yannick Noah alimfunga Msweden Mats Wilander kwa seti tatu mfululizo na kutwaa ubingwa wa Roland Garros mjini Paris. Sisi tuliipata habari kwa redio. Noah alizaliwa Ufaransa lakini alikulia Yaoundé, Kameruni, kwa baba yake Zacharie aliyekuwa mwanasoka, na mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alionwa pale Yaoundé na bingwa Mmarekani Arthur Ashe aliyekuwa kwenye ziara ya Afrika. Ashe aliwapigia simu wakuu wa tenisi wa Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice kufundishwa. Baada ya pointi ya mwisho ya mwaka 1983, Zacharie aliruka uwanjani kumkumbatia mwanawe. Yaya alikisimulia kisa hicho kwa namna yake. Wengine walikitaja ili kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kushinda Paris. Yeye kila mara aliishia kwa Ashe. "Muliona ule mutu?" aliuliza. "Alikuya kucheza, akaona mutoto wa wengine, akamupenda."

Basi ikawa lazima tuwe na kiwanja cha tenisi. Roland Garros hutandazwa vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa. Sisi tulikuwa na kitu kinachofaa zaidi, na hapa yanibidi niwaeleze wasomaji wa pwani ambao huenda hawajaona vichuguu vya Katanga: ni vilima kamili, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake ni laini, mzito, wenye kushikamana. Ndio tunaofyatulia matofali. Ukiuponda, ukaumwagia maji na kuushindilia, unakuwa mgumu na laini juu kama sakafu ya saruji. Yaya na wenzake walibeba udongo wa kichuguu kwa mikokoteni miezi yote ya kiangazi, wakaushindilia kwa kipande cha bomba kizito cha karakana kilichokuwa kikivutwa na watu sita. Mistari ilichorwa kwa chokaa. Wavu ulisukwa na mzee mmoja kutoka upande wa Bukama aliyezoea kusuka nyavu za samaki wa maziwa ya Upemba, naye alikataa malipo, lakini alitaka aelezwe ni samaki gani huyo anayevuliwa nchi kavu.

Kiwanja kile kiliishi mpaka mvua. Kila Oktoba kilianza kuyeyuka, kila Mei kilianza kujengwa upya, na nadhani kujenga kuliwaunganisha wale vijana kuliko kucheza kwenyewe. Kwenye mikokoteni hapakuwa na fundi wala mwanafunzi, Mluba wa Katanga wala wa Kasai. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo askari aliyekuwa anashuka kutoka kambini siku za mapumziko, alikuwepo muuza mafuta ya mawese. Raketi zilikuwa chache, zile za mbao nzito zilizoachwa na Wazungu, nyingine nyuzi zake zimefungwa kwa waya wa simu. Mtu alicheza pointi kumi akampisha mwenzake.

Nafika sasa kwa rafiki yake wa mkono wa kushoto.

Walizaliwa mwaka mmoja, katika hospitali moja, baba zao wakiwa kwenye karakana moja. Rafiki huyu asili yake ni Kasai, ingawa Kasai yenyewe alikuwa hajawahi kuiona. Kwenye tenisi ya meza, wanapocheza wawili wawili, kanuni inawalazimu wapokezane: ukipiga wewe, mpira unaofuata ni lazima apige mwenzako. Watu wawili wa mkono wa kulia hugongana na kukanyagana. Wa kulia na wa kushoto wakishirikiana, kila mmoja hupiga na kutoka kwa upande wake, na meza inabaki wazi kwa mwenzake. Wao wawili walikuwa hivyo. Hawakuwahi kuambiana neno wakicheza. Nimewaona mabingwa kwenye televisheni tangu hapo, nao wanacheza vizuri zaidi, lakini sijaona watu wanaopishana kwa heshima ile.

Agosti 1992 Mkutano wa Taifa uliokaa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Siasa za huko juu ziliteremka hadi kwenye nyua zetu. Mikutano ya hadhara ilianza kuwaita majirani wageni na wadudu. Likasi mwaka ule, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walitolewa majumbani mwao kwa makumi ya maelfu, wakajazana kwenye vituo vya reli na kwenye shule, wakisubiri treni kwa majuma na miezi. Wengi, hasa watoto, walikufa hapohapo kwa kuhara, surua na njaa. Na treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga haina njia nyingine. Lazima ipite Kamina.

Tuliziona treni hizo. Watu juu ya mabehewa, watu kwenye mabehewa ya makaa, vitanda, masufuria, cherehani, na wagonjwa waliofunikwa shuka. Zilisimama hapa kwa muda mrefu. Wapo watu wa Kamina waliotazama wakafunga milango, na wapo waliopeleka maji. Yaya na wachezaji wake walipeleka maji kwa mikokoteni ileile ya udongo wa kichuguu. Sitaki kumfanya shujaa. Wanawake wa parokia walifanya zaidi, na kila siku, wakipika bukari, yaani ugali, kwa mapipa. Lakini alikwenda, na mtu mmoja wa mtaa alipomwuliza kwa hasira kwa nini anawasaidia wale, alijibu kwamba mle ndani huenda kuna mtu aliyewahi kucheza uani kwake, na kama hajawahi, huenda siku moja atakuja.

Rafiki wa mkono wa kushoto aliondoka 1993. Hapakuwa na aliyemgusa, lakini mkewe hakulala tena usiku. Usiku wa mwisho walicheza kwa taa ya chemli, wawili tu, bila kuhesabu. Asubuhi, kwenye jukwaa la kituo, wakabadilishana raketi. Yaya alimpa yake, akachukua ya mwenziwe.

Kuna hadithi nyingine aliyoipenda, na baada ya mwaka ule aliisimulia mara nyingi zaidi. Aprili 1971, kwenye mashindano ya dunia ya tenisi ya meza mjini Nagoya, Japani, kijana Mmarekani Glenn Cowan alijikuta amepanda basi la timu ya China. Nchi hizo mbili zilikuwa hazisemezani kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndani ya basi kimya. Kisha Zhuang Zedong, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, akainuka kutoka viti vya nyuma, akaenda kumsalimia kwa kupitia mkalimani na kumpa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Siku chache baadaye, Aprili 10, timu ya Marekani ilikuwa imeingia China, na Februari 1972 rais Nixon mwenyewe akafuata. Vitabu huieleza habari hii kama ujanja wa Mao na Nixon, na bila shaka wakubwa walikuwa na hesabu zao. Yaya alibaki ndani ya basi. Alitaka kujua Zhuang alijisikiaje akiwa anatoka kiti cha nyuma kwenda mbele, wenzake wote wakimtazama, na kama kuna aliyemshika shati kumzuia.

Raketi ya rafiki yake aliitundika ukutani juu ya redio. Mpini wake ulikuwa umelika upande usio wetu. Mpira wa uso wake ulikuwa na doa lililochakaa pale alipozoea kupigia, na kovu kwenye ukingo pale ilipogonga meza katika mechi ambayo kila mtu mtaani aliikumbuka. Wageni wakija, Yaya aliishusha, akaishika kwenye kiganja cha kushoto, na kwa kidole cha kulia akawaonyesha: hapa ni mwaka fulani, hapa ni yule padri tuliyemshinda, hapa ni siku mvua iliponyesha tukakataa kuondoka. Mluba yeyote mwenye umri angeona anachokifanya. Mababu zetu walikuwa na lukasa, ubao wa mkononi uliochongwa kiuno katikati na kupambwa kwa shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye waliofundishwa kuusoma waliushika kwa mkono wa kushoto, wakafuatisha shanga kwa kidole cha shahada cha kulia, na kusimulia habari za wafalme, safari na koo. Leo mbao hizo zimo kwenye makumbusho ya ng'ambo, moja nzuri sana iko Brooklyn, New York. Ya kwetu ilikuwa juu ya redio, na msomaji wake alikuwa mmoja.

Barua zilipita kwa madereva wa treni. Zilikuwa fupi, nyingi ni matokeo: nani kamshinda nani, kwa ngapi. Miaka ya vita, kati ya 1998 na 2003, zilikatika kwa vipindi virefu, na mipira nayo ikakosekana. Mpira wa seluloidi ukibonyea unautumbukiza kwenye maji ya moto nao unajivimbisha, hilo kila mtoto wa mtaa alilijua. Ukipasuka, umekwisha. Katika kipindi kimoja uwanja mzima ulikuwa na mpira mmoja, uliokaa usiku ndani ya kikombe kwenye kabati la shemeji, mke wa Yaya, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Amani iliporudi, mchezo ulikuwa umebadilika duniani. Mpira umeongezwa kutoka milimita 38 hadi 40 tangu mwaka 2000. Seti imepunguzwa kutoka pointi 21 hadi 11 tangu 2001, na badala ya kuanzisha mipira mitano mfululizo, sasa kila mchezaji huanzisha miwili. Ilifanywa hivyo ili mchezo upendeze kwenye televisheni. Mpira mkubwa Yaya aliukubali. Pointi 11 alizikataa mpaka anaingia kaburini. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye 21 una muda wa kuanguka, kukata tamaa, kusemezwa na mtu wa pembeni, kucheka, na kurudi. Kwenye 11 ukikohoa umefungwa. Vijana waliotaka kujiandaa kwa mashindano ya shule walimwomba abadilike, naye akawachorea ratiba: Jumamosi 11, Jumapili 21. Nadhani alikuwa na haki. Mchezo uliofupishwa kwa ajili ya watazamaji unawapunja wanaocheza, na uani kwetu hapakuwa na watazamaji, kila aliyekaa kwenye benchi alikuwa anasubiri zamu.

Michezo ya Francophonie ilipofanyika Kinshasa mwaka 2023, tenisi ya meza ikiwemo, alitamani kwenda. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, na nauli ya ndege ilikuwa mshahara wa miezi mingi. Alifuatilia kwa simu ya mwanawe. Lakini zawadi yake kubwa ilimfikia mwaka uliofuata, Agosti 2024, tukiwa tumejazana kwenye sebule ya jirani mwenye paneli za jua, tukitazama Olimpiki ya Paris. Alikuwa na wachezaji wake wawili. Wa kwanza Omar Assar wa Misri, aliyefika robo fainali kwa mara ya pili mfululizo. Wa pili Félix Lebrun, mtoto wa Kifaransa wa miaka 17 mwenye miwani, anayeshika raketi kama mtu anayeshika kalamu, mtindo ambao wengi walidhani umebaki kwa Waasia wa zamani. Félix alimshinda Hugo Calderano wa Brazili na kupata medali ya shaba. Kisha akachukua shaba nyingine ya timu, pamoja na Simon Gauzy na kaka yake mwenyewe, Alexis.

Walipowaonyesha ndugu wale wawili wamekumbatiana, Yaya alinitazama, akanipiga bega kwa nguvu za mtu mwenye afya. "Mudogo," akasema, "sisi shida yetu ilikuwa nini? Miwani!" Tukacheka hadi mwenye nyumba akatuomba tusimvunjie kochi. Alikuwa amekwisha kukonda wakati huo. Tulidhani ni umri.

Kilio chake kilidumu siku zilizozoeleka na watu wakazidi kuja. Walikuja wanajeshi wastaafu, mapadri, walimu, wauza mkaa, mama mmoja kutoka Kabongo ambaye hatukumjua hata kwa sura na aliyesema tu kwamba utotoni aliachiwa zamu yake ya kucheza wakati wavulana walitaka kumfukuza. Wajukuu walilala nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Shemeji, aliyeishi na kelele za mpira dirishani maisha yake yote ya ndoa, aliamuru meza isifunikwe. Akasema kimya kile hakukizoea.

Siku ya tatu treni ya kutoka Mwene-Ditu ikafika, imechelewa kama kawaida yake, na rafiki wa mkono wa kushoto akateremka. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake raketi ya Yaya. Alilia kwanza, kama inavyopasa. Kisha akala. Kisha, jioni, akaenda mezani akapapasa ile pembe ya "ofisi", akadundisha mpira, ukalala, akatikisa kichwa. Nilimshushia raketi yake kutoka juu ya redio. Akaiangalia, akasema mpini umepungua, nikamwambia ni kidole cha Yaya.

Tulicheza hadi giza, yeye na mimi dhidi ya vijana wa mtaa, na tukafungwa vibaya. Baada ya hapo akaketi kwenye benchi akaanza kesi ya mwaka 1991. Fainali ya sikukuu ya parokia, mmoja dhidi ya mmoja, yeye na Yaya, pointi 20 kwa 19, na mpira wa mwisho wa Yaya ukaenda kupita kwenye ukingo wa meza. Mpira ukigusa ukingo wa juu ni pointi halali. Ukigusa ubavu, chini ya ukingo, umetoka. Refa alikuwa padri, akaona ukingo, na mbuzi akawa wa Yaya. Rafiki yake alisema pale mbele ya waombolezaji wote, kwa sauti ya mtu aliyebeba jambo hilo tangu ujanani, kwamba ulikuwa ubavu, kwamba Yaya mwenyewe alimwandikia barua mwaka 1997 kukiri hivyo, na kwamba barua hiyo anayo. Wazee wa upande wetu wakainuka kupinga. Mzee mmoja akadai alikuwa amesimama palepale. Shemeji akatoka jikoni akiwa na mikono ya unga, akauliza barua iko wapi. Ilikuwa Mwene-Ditu, kwenye sanduku. Ameahidi kuileta Agosti, tutakapofanya mashindano ya kumkumbuka, pointi 21, na mbuzi tumekwisha mnunua. Mimi nilikuwepo siku ile ya 1991, upande wa wavu, nikiokota mipira. Ulikuwa ukingo.